Nemba, Ziwa Albert na Joto la Kupika Mafuta

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na njiani linakatiza Wilaya ya Biharamulo, ilipo kata ya Nemba. Mkazi wa huko ana haki ya kuuliza: Wanyoro wa Hoima wana nini ardhini ambacho sisi hatuna?

Wana bonde changa, la Ziwa Albert. Miamba ya Biharamulo na Ngara ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Mchanga na matope yake ya kale vilikandamizwa na kuchomwa hadi vikageuka kwatziti na shisti. Ndani ya miamba hiyo imo nikeli ya Kabanga, huko Ngara. Mafuta hayakai humo, kwani huiva kwenye joto la nyuzi 60 hadi 120 hivi. Likizidi sana, hubaki gesi, kisha masizi, kama maharage yaliyosahauliwa jikoni.

Elimu hii haikuwapo E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa Idara ya Jiolojia ya Uganda, alipochapisha taarifa yake ya mafuta mwaka 1925. Aliorodhesha mahali yanapochuruzika kandokando ya Ziwa Albert. Mwaka 1938 kikachimbwa kisima cha Waki, karibu na Butiaba, zaidi ya mita 1,200 kwenda chini. Mafuta ya kuuza hayakupatikana, na muda si mrefu Vita vya Pili vya Dunia vikazuka. Siwalaumu wachimbaji: michirizi iliwaambia kuwa mafuta yapo, lakini haikuwaambia yameivia wapi wala yamejikusanya wapi.

Jibu lilianzia maabara. Mwaka 1934 Mjerumani Alfred Treibs alikuta ndani ya mafuta chembe zitokanazo na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Mafuta, basi, yalikuwa viumbe hai. Miaka ya 1970 Wafaransa walitengeneza mashine ya kuchoma vipande vya mwamba na kupima umeiva kiasi gani, na mwaka 1978 Dan McKenzie wa Cambridge akaonyesha kwa hesabu jinsi gamba la dunia linavyovutwa, likatitia na kupata joto. Tangu hapo historia ya bonde zima ingeweza kukokotolewa kwenye kompyuta.

Uganda ilipima usumaku wa Bonde la Albert kwa ndege mwaka 1983, na unene wa mashapo ukakadiriwa. Kisima cha Mputa kilitoa mafuta mwaka 2006, miaka 68 baada ya Waki. Ni mafuta ya mwani wa ziwani na mimea ya nchi kavu, yenye nta nyingi kiasi kwamba huganda yakipoa. Ndiyo maana bomba limesanifiwa kupashwa joto hadi nyuzi 50.

Lakini hesabu si ramani ya hazina. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima vya Ivuna na Galula katika Bonde la Rukwa, Tanzania, ambako mashapo ni manene kwelikweli, ikaondoka bila mafuta. Leo kinachotafutwa Rukwa ni heliamu, gesi inayozaliwa taratibu na urani na thori ndani ya miamba mikongwe, kisha kufunguliwa na joto la Bonde la Ufa.