Kifyonza vumbi kwa nyumba za Rungwe: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Kifyonza vumbi ni mashine ya umeme inayovuta hewa kwa nguvu pamoja na vumbi, nywele na makombo, kisha kubakiza uchafu huo ndani yake. Madukani wengi huiita vakyumu. Umeme umeingia vijijini, na sebule zenye makochi na mazulia zimeongezeka, kwa hiyo si kitu cha mahotelini peke yake tena. Lakini ni mashine ya pesa nyingi, na ukiichagua vibaya itakaa uvunguni mwa kitanda. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kwa kuzingatia hali ya Tukuyu na vijiji vyake, ambako mvua ni nyingi na vitu hukauka taratibu.

Anza na sakafu yako

Kabla ya kuuliza bei, tazama sakafu. Kama ni ya udongo, usinunue: mashine itafyonza sakafu yenyewe na kuziba haraka. Kama ni ya simenti au tailizi bila zulia, ufagio na dekio vinatosha, na kitambaa chenye unyevu hukamata vumbi laini vizuri kuliko ufagio mkavu unaolirusha hewani.

Mashine hii ina faida kubwa pale penye zulia la manyoya, makochi ya kitambaa na magodoro. Humo vumbi huzama ndani, na ufagio haulifikii. Hewa yetu ya unyevunyevu nayo huwafaa utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mazulia. Uchafu wao huweza kuamsha pumu na mafua ya mzio.

Kama una mtoto mwenye pumu, hatua ya kwanza haigharimu kitu: ondoa zulia chumbani anamolala, fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto, na anika godoro jua likitoka. Mashine ije baadaye kama msaada, na mtoto asiwepo chumbani wakati wa kufyonza. Kumbuka pia kwamba haiondoi moshi wa kuni, wala haichukui nafasi ya dawa alizopewa hospitali.

Aina zilizopo

Ya mfuko: vumbi huingia kwenye mfuko unaotupwa ukijaa. Haikurushii vumbi usoni, lakini mifuko ni lazima ipatikane. Uliza kwanza kama inauzwa Tukuyu au Mbeya mjini. Bila mfuko unaoiingia, mashine nzima haina kazi.

Ya kikombe: vumbi hukusanyika kwenye chombo cha plastiki unachomwaga nje. Hakuna mifuko ya kununua, ila chujio lake linahitaji kusafishwa mara kwa mara.

Ya ndoo, inayofyonza maji na vumbi: ni kubwa na ina kelele, lakini ni ngumu. Inafaa nyumba ambayo maji huingia wakati wa masika, au yenye matope yanayokuja na viatu kutoka shambani. Kabla ya kufyonza maji, soma maelekezo, kwa kuwa nyingi hutaka uondoe chujio la vumbi kwanza. Mashine ya vumbi tupu usiiguse na maji hata kidogo, kwani umeme unaweza kukupiga.

Ya betri: inafanya kazi hata umeme ukikatika, kwa dakika chache tu kabla ya kuchajiwa tena. Betri huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na ya kubadilisha huwa vigumu kuipata. Angalia usiuziwe ile ndogo ya gari inayotumia volti 12; hiyo haiwezi zulia.

Wati si nguvu ya kufyonza

Wauzaji hupenda kusema, “Hii ni wati 2,000, ina nguvu.” Wati huonyesha umeme unaoliwa. Nguvu ya kufyonza hutegemea pia mota, mpira usiovuja na chujio safi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014, ukakishusha hadi 900 mwaka 2017, na viwanda vikatengeneza mashine zinazosafisha kwa umeme mdogo.

Gharama ya umeme si ya kutisha. Mashine ya wati 1,400 ikitumika nusu saa hula uniti 0.7. Ukiitumia mara moja kwa wiki, ni kama uniti 3 kwa mwezi. Kwa anayelipa takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 1,000. Ila kama unategemea sola ya taa na simu, haitaiwasha.

Chujio na unyevu wa Tukuyu

Hapa ndipo wengi hukosea. Chujio huzuia vumbi laini lisirudi chumbani, na lenye alama ya HEPA hukamata vumbi dogo zaidi. Mengi huoshwa kwa maji, lakini ni lazima yakauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kwa mvua zetu, hilo linaweza kuchukua siku mbili au zaidi. Likirudishwa bichi, mashine itanuka ukungu na mota inaweza kuharibika. Kwa hiyo nunua mashine ambayo unaweza kupata chujio la pili, ubadilishane. Usilikaushe juu ya jiko.

Mtumba na volti

Mashine za mtumba ni nafuu, lakini soma kibandiko cha chini. Umeme wetu ni volti 230. Iliyoandikwa volti 100 ni ya Japani, na 120 ni ya Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Inayofaa imeandikwa 220 hadi 240.

Dukani, fanya haya kabla ya kulipa:

1. Iwashe kwa dakika tano. Ikinuka kuungua au ikikwaruza, iache.
2. Weka kiganja kwenye mdomo wa bomba uone kama inavuta.
3. Kagua waya wote na mpira. Usikubali penye kiraka.
4. Fungua kikombe au mfuko, utazame chujio.
5. Uliza vipuri vinapatikana wapi na fundi ni nani.
6. Dai risiti, na muda wa dhamana uandikwe.

Ukishaifikisha nyumbani

Usifyonze majivu ya jiko hata yakionekana yamepoa, kwa sababu kaa dogo linatosha kuwasha moto ndani ya mashine. Tope liache likauke kwanza. Radi ikianza kupiga, chomoa waya kwenye soketi. Na kama baada ya kusoma haya umeona sebule yako ina simenti na mkeka tu, pesa hiyo ielekeze kwenye godoro zuri au jiko lisilo na moshi. Nyumba yako itakuwa safi vilevile.