Mkokoteni: Neno, Chombo na Wakokotaji katika Mrima

Katika Bunju, yapata maili 20 kaskazini ya Dar es Salaam kwa njia ya Bagamoyo, wafugaji wadogo hufunga ng'ombe wao wa maziwa bandani na kuwaletea majani, mabichi wakati wa masika na makavu wakati wa kiangazi. Majani hayo siku hizi hukatwa mbali, kwa kuwa nyumba zimejaa mahali palipokuwa mashamba. Nami ninao ng'ombe wawili huko. Mwaka jana nilimwendea fundi seremala, nikamwomba aniundie mkokoteni wa mbao wa kuchukulia majani. Kabla hajashika kipimo aliniuliza: "Mwalimu, utakokotwa na nani?" Sikuwa na jibu. Makala haya yametokana na swali hilo, kwani nimeona ya kuwa sehemu kubwa ya historia ya magurudumu katika Mrima imo ndani yake.

Tuanze na maneno. Gari tumelipokea kutoka lugha za Bara Hindi. Nira ni la Kiarabu. Ekseli, beringi na tairi ni za Kiingereza. Lakini mkokoteni ni mzaliwa wa Kiswahili chenyewe. Shina lake ni kokota, yaani kuvuta kitu kizito kikiburura chini. Mwisho wake wa -eni hauwezi kuwa ule wa mahali, maana mkokoto ungetupa mkokotoni. Kwa maoni yangu ni mwisho wa amri ya watu wengi, kama ulivyo katika someni na leteni: "Kokoteni!" Chombo, basi, kimepewa jina la amri waliyopewa waliokivuta. Msomaji aweza kusema ya kuwa ng'ombe nao ni wengi. Ni kweli, lakini Unguja chombo cha ng'ombe huitwa gari la ng'ombe, na asemaye mkokoteni wa ng'ombe hulazimika kumtaja mnyama. Mkokoteni mtupu, ukitajwa Dar es Salaam, aghalabu ni wa mtu.

Kwa nini mtu, wala si mnyama? Katika karne ya 19 bidhaa zilizopita Bagamoyo zilichukuliwa mabegani na vichwani mwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila 2, yaani ratili 70. Wageni kutoka Ulaya walidhani watauondoa upagazi huo kwa magurudumu. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society, aliyekuwa amezoea magari ya ng'ombe katika nchi za kusini mwa Afrika, alitoka Saadani na ng'ombe wachache akafika Mpwapwa. Kwa ushahidi huo, mwaka 1877 msafara mzima ulianza safari na magari. Ng'ombe wakafa, magari yakaachwa, na waliofika Ujiji mwaka 1878 walifika kwa msaada wa wapagazi. Mwaka huo huo wa 1877 William Mackinnon na Thomas Fowell Buxton walianza kugharamia barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilipita maili 70, kisha mwaka 1881 ikaachwa.

Muuaji wa ng'ombe hao alikuwa mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Wenyeji walijua tangu zamani kwamba mifugo haikai katika pori lake. Sayansi ililithibitisha jambo hilo baadaye, David Bruce alipoonyesha huko Zululand, katika mwaka 1895, jinsi inzi huyo aenezavyo ugonjwa wa nagana. Hata hivyo maarifa hayo hayakuwaokoa wapagazi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wanyama wa majeshi walikufa kwa wingi, na mahali pao wakatiwa watu. Makumi ya maelfu ya wachukuzi walipoteza maisha, wengi wao kwa maradhi. Jina la kikosi cha wachukuzi wa Waingereza, Carrier Corps, lilibaki mjini likiwa Kariakoo. Na leo, atakaye kuona mikokoteni mingi pamoja, aende Kariakoo.

Isidhaniwe, lakini, kwamba mbung'o peke yake atosha kuwa sababu. Unguja nako alikuwako, hata akatokomezwa mwaka 1997 kwa kuachiwa madume waliofanywa tasa. Na gari la ng'ombe lilikuwako vilevile. Wala vyombo havikukosa wa kuviunda. Mwaka 1975 Tanzania Publishing House ilichapisha kitabu cha G. A. Macpherson juu ya zana za vijiji, chenye kueleza mikokoteni iwezayo kuundwa na seremala wa kijijini. Kinachobaki ni sababu isiyopendeza kuandikwa: mjini mtu alipatikana kwa urahisi kuliko mnyama. Mnyama hununuliwa, hulishwa hata siku asiyofanya kazi, na akifa ni hasara ya mwenyewe. Mkokotaji hulipwa kwa safari, na chakula chake si shauri la mwenye mzigo.

Ndiyo maana fundi aliniuliza. Jibu lingeamua urefu wa mikono ya mkokoteni, upana baina yake, na mahali pa kukaza ekseli. Alinieleza ya kuwa ekseli huwekwa nyuma kidogo ya katikati, ili uzito uegemee mbele kwa kadiri. Ukizidi, humwelemea avutaye, na ukipungua, mkokoteni humwinua. Majani ni mepesi lakini hujaa, kwa hiyo aliweka vigingi vinne vilivyopanuka kwa juu, pamoja na kamba ya kukazia. Fremu ilikuwa ya mninga, ekseli ya gari bovu. Aliniambia pia kwamba wateja wengi sasa hutaka guta lenye injini, na kwamba wanafunzi wake hawaulizi tena swali lile.

Nilimjibu, kwa haya kidogo, kwamba utakokotwa na punda. Akaunda mikono mirefu yenye nafasi ya punda. Punda sijampata mpaka leo. Kijana anikatiaye majani ndiye aukokotaye, akisimama kati ya mikono iliyo mipana mno kwake, na jioni hulalamikia mabega. Nimerudi kwa fundi ili aipunguze. Aliutazama mkokoteni, akanitazama mimi, akasema, "Ningalijua ni mtu, Mwalimu, ningalipima mtu." Safari hii nilikwenda na yule kijana, naye akapimwa.