Sauti ya Pwani, kalamu ya bara

Mwanahabari wa michezo aliyekulia Kitale au Bungoma miaka ya sabini alijifunza kandanda kwa sikio. Mechi kubwa zilichezwa Nairobi. Kilichofika kijijini ni matangazo ya Sauti ya Kenya, kupitia redio ambayo betri zake zilianikwa juani zikianza kuisha nguvu. Mtangazaji akisema timu inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako, msikilizaji aliuona uwanja mzima. Akisikia “Kadenge na mpira”, nyumba ilinyamaza, kwa kuwa Joe Kadenge wa klabu ya Abaluhya alikuwa kipenzi cha Magharibi yote.

Kinara wa sauti hizo alikuwa Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964 na kufariki Februari 2025. Watoto waliokimbiza mpira wa matambara walimwiga, mmoja akicheza na kutangaza kwa wakati mmoja. Hata hivyo, walijua Kiswahili chake ni cha Pwani. Nani angemwajiri Mbukusu wa Bungoma atangaze hivyo?

Jibu lilitoka kwa mwenyeji wa huko. Ken Walibora alizaliwa Baraki, Bungoma, mwaka 1965, akalelewa Trans Nzoia. Mwaka 1996 alichapisha Siku Njema, riwaya ambayo shujaa wake anamsaka babake hadi Kitale. Mwanafunzi wa huko aliyezoea vitabu vya Unguja na Tanga alikutana na mji wake kitabuni. Baadaye Walibora alisoma habari katika runinga ya NTV, akawa na safu katika gazeti la Taifa Leo, na riwaya yake Kidagaa Kimemwozea ya 2012 ikatahiniwa katika mtihani wa KCSE. Ripota aliyefanya mtihani huo enzi hizo alipitia mikononi mwake, atake asitake. Walibora hakuwa mwandishi wa michezo, lakini nadhani aliwafaa wanamichezo wa kalamu kuliko wengi waliokuwa waandishi wa michezo: aliwaondolea aibu ya kuwa watu wa bara.

Urithi wake una kasoro, nayo si yake. Siku Njema imejaa methali na misamiati mizito, na hayo yanaipendeza riwaya. Wanagenzi wengi waliibeba mizigo hiyo hadi kwenye taarifa za mechi. Utasoma aya tatu za misemo kabla ya kujua nani alifunga. Mbotela asingefanya hivyo. Mpira ulikuwa ukikimbia, naye alikimbia nao.

Walibora alifariki Aprili 2020 jijini Nairobi. Tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama, ingali inasomwa, na kijana wa shule ya Kamusinga au St Anthony's anayetamani kuripoti michezo aisome. Kisha akienda uwanja wa Kanduyi kuandika mechi, aanze na matokeo, mfungaji na dakika. Methali zisubiri.