Makumi na Mamoja: Mjadala wa Kufundisha Hisabati na Azimio la Musoma

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, makao makuu ya Mkoa wa Mara, ikatoa maamuzi ambayo yamejulikana tangu hapo kwa jina la Azimio la Musoma. Aghalabu azimio hilo hukumbukwa kwa mambo mawili: kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi darasani ifikapo Novemba 1977, na kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni bila kwanza kufanya kazi. Halikuandikwa kwa ajili ya somo moja. Hata hivyo, ni vigumu kuieleza historia ya ufundishaji wa hisabati nchini Tanzania bila kupita Musoma, kwa sababu mjadala ambao wataalamu walikuwa wameuendesha kwa zaidi ya muongo mmoja, wa kukariri dhidi ya kuelewa, ulikutana hapo na swali lililokuwa kubwa kuuzidi: ni watoto wangapi, na watafundishwa na nani?

Mkoa huu ulikuwa na hesabu zake kabla ya kuwa na shule. Katika simulizi za maisha ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, hutajwa kwamba ujanja wake utotoni katika mchezo wa soro, ambao ni ndugu wa bao la pwani, ulimvutia Mtemi Makongoro wa Ikizu, sehemu ambayo leo imo wilayani Bunda. Naye akamshauri Mtemi Burito, baba wa mtoto huyo, ampeleke shule. Simulizi za namna hii hupambwa kadiri zinavyorudiwa, na msomaji ana haki ya kuipokea hii kwa tahadhari. Lakini kilichomo ndani yake ni sahihi kabisa kuhusu mchezo wenyewe. Mchezaji wa soro au bao huchota kete za shimo moja na kuzipanda moja moja katika mashimo yanayofuata. Mchezaji hodari hujua kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaigusa ya kwanza. Huko ni kujumlisha, kutoa na kukisia hatua kadhaa za mbele, tena bila kalamu. Mtu aliyemwona mtoto akiyafanya hayo na kusema kwamba huyu anafaa shule alikuwa ametoa hukumu ya kielimu, na alikuwa ameitoa kwa kutazama uelewa wala si kumbukumbu.

Mwaka 1934 mtoto huyo alikwenda Shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Alifika akiwa anajua Kizanaki tu. Hesabu za darasani alizipokea kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa akijifunza papo hapo, na baadaye masomo yote yakageuka kuwa ya Kiingereza. Jambo hili halikuwa la pekee kwake. Ndiyo iliyokuwa njia ya kila mtoto wa Mara aliyebahatika kusoma, na walikuwa wachache. Shule za wakati huo zilifundisha hesabu kwa kukariri jedwali la kuzidisha, kwa hesabu za kichwa zilizojibiwa kwa kusimama, na kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, wakia, yadi na galoni, ambavyo kigawo chake hubadilika kila hatua. Lengo lilikuwa kupata makarani. Ni rahisi leo kuubeza utaratibu huo, ila karani aliyetoka humo alijua kufunga daftari lake bila kosa, na hilo lilikuwa na maana kuliko linavyoonekana kwa mbali.

Maana yake ilidhihirika kwenye mizani. Pamba ilipokuwa zao kuu la fedha katika Jimbo la Ziwa, mkulima aliubeba mzigo wake hadi kituoni, mnunuzi akaupima, akasoma uzito, akataja bei. Asiyeweza kusoma mizani wala kuzidisha ratili kwa senti alipokea alichopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya wafanyabiashara, na kutokana na harakati hizo vikachipuka vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma. Historia ya siasa ya Kanda ya Ziwa imekwisha kuandikwa na kuandikwa tena. Kinachosahaulika ni kwamba moja ya mizizi yake ilikuwa hesabu ya darasa la nne, iliyofanywa na mtu aliyesimama upande wa mkulima.

Wakati vyama hivyo vikikua, upepo mwingine ulikuwa ukivuma kutoka mbali. Baada ya Urusi ya Kisovieti kurusha Sputnik mwaka 1957, Marekani iliingiwa na hofu juu ya shule zake, na kundi la wanahisabati likapendekeza kwamba mtoto afundishwe tangu mwanzo kile ambacho wao wenyewe walikiona kuwa moyo wa somo: seti, mifumo ya namba, na sababu za kanuni badala ya kanuni tupu. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani na Afrika walikutana jirani na Boston, na kuanzia 1962 waandishi kutoka nchi kadhaa za Afrika zilizozoea Kiingereza wakawa wanakusanyika Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vipya. Kutoka Uingereza nako ulikuja mradi wa aina hiyo hiyo, uliorekebishwa kwa ajili ya Afrika Mashariki. Hivyo ndivyo zilivyofika zile zilizoitwa hisabati za kisasa.

Hoja ya waliozitetea haikuwa dhaifu. Walisema kwamba nchi zilizopata uhuru hazihitaji makarani tu. Zinahitaji wahandisi na wanasayansi, na anayekariri hawezi kubuni. Waliozipinga nao waliuliza kama mtoto anayeweza kueleza seti tupu, ila hawezi kukokotoa bei ya magunia matatu ya mahindi, amefundishwa kitu. Hata Marekani kwenyewe mambo hayakutulia: mwaka 1973 Morris Kline alitoa kitabu kilichozishambulia hisabati hizo vikali. Kenya ilizifuta mwaka 1981 kwa agizo la Rais Daniel arap Moi. Tanzania ilikuwa imekwisha kurudi nyuma katika muongo wa 1970.

Kilichoitofautisha Tanzania na majirani katika mjadala huo ni lugha. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule ya msingi. Ghafla hisabati ililazimika kusemwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na kazi iliyofanywa na waandishi wa vitabu na wakuza istilahi katika miaka iliyofuata haijapata sifa inayostahili. Maneno kama kipenyo, mzingo, pembetatu, mstatili, wastani na kigawo kikubwa cha shirika yalienea katika vijiji ambavyo havikuwa vimeyasikia. Watoto wakapata MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, neno ambalo halina maana yoyote nje ya darasa na ambalo mtu mzima aliyesoma Tanzania halisahau.

Ndani ya kazi hiyo kuna jambo dogo linaloutupia mjadala wote mwanga. Kiswahili cha kila siku husema ishirini, thelathini, arobaini, majina yaliyotoka Kiarabu, ambayo hayamwonyeshi mtoto kwamba ndani yake mna kumi mbili, tatu au nne. Kiswahili cha zamani kilijua pia kusema makumi mawili, kama kilivyojua mtandatu, mfungate na kenda. Shule iliporejea kwenye mamoja, makumi na mamia ili kueleza thamani ya nafasi ya tarakimu, ilimpa mtoto namna ya kuisoma 23 kama makumi mawili na mamoja matatu, jambo ambalo neno ishirini limelificha. Kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa lugha yenyewe hufanya kazi hiyo bila msaada, tofauti na Kiingereza, ambacho majina yake ya 11 na 12 hayaonyeshi kumi yoyote. Walichokitafuta waandishi wa Entebbe kwa njia ya seti, yaani mtoto auone muundo wa namba, kwa kiasi fulani kilikuwa tayari kinywani mwake. Ni ajabu kwamba pande zote mbili za mjadala hazikulitilia jambo hili uzito mkubwa.

Ndipo likaja Azimio. Mwaka 1974 watoto waliokuwa shule za msingi walikuwa takribani milioni 1.2, kufikia 1980 walizidi milioni 3. Walimu wa kuwatosha hawakuwako. Vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa katika kazi hiyo kwa makumi ya maelfu, wakifundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa waratibu elimu wa kata. Watu waliwaita walimu wa UPE, na jina hilo likawa la dharau kabla hata ya wenyewe kuzeeka. Mwalimu wa namna hiyo, mwenye watoto wengi na vitabu vichache, hakuwa na fursa ya kuchagua kati ya njia za kufundishia. Alifundisha alivyofundishwa: aliandika mfano ubaoni, darasa likaitikia kwa sauti moja, likanakili.

Wapo wanaosema kwamba Azimio la Musoma liliua hisabati. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Kabla ya 1974 watoto wengi wa Ikizu au Butiama hawakufundishwa vibaya. Hawakufundishwa kabisa, na njia bora kuliko zote haimfikii mtoto aliye machungani. Azimio lilishuku pia mtindo wa kumpima mwanafunzi kwa mtihani mmoja wa mwisho, na kuanzia 1976 kazi za mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa. Kosa lake, kama ni la kuitwa kosa, ni kudhani kwamba ubora ungefuata wingi kwa kasi ile ile. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetaka shule iwe na shamba lake, na shamba lenye daftari za mapato na matumizi lingeweza kuwa darasa zuri la hisabati, mizani ya pamba ikirudi mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe. Katika shule nyingi jembe lilifika, daftari halikufika.

Mabadiliko yaliyofuata yanaweza kupitiwa kwa haraka. Mtaala wa mwaka 2005 ulihimiza umahiri na ushiriki wa mwanafunzi, na ule wa darasa la kwanza na la pili wa 2015 ukarudi kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Kila badiliko lilikuja na semina, na kila semina ilirudia kwa msamiati mpya ugomvi wa miaka ya 1960.

Mahali ambapo mtoto huanguka pamebaki pale pale. Aliyemaliza shule ya msingi ya serikali Bunda au Musoma akiwa anajua sehemu, asilimia, riba na mzingo, huingia kidato cha kwanza na kukuta vyote hivyo vina majina mengine kwa Kiingereza. Hata saa humgeuka, kwa kuwa saa moja asubuhi anayoijua huitwa huko saa saba. Wengi hurejea kwenye kukariri, si kwa kuwa walimu wao wanakupenda, bali kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kubeba kanuni ambayo lugha yake haijaeleweka. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023 takribani mtahiniwa mmoja kati ya wanne alifaulu hisabati. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilikubali Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Kidato cha kwanza bado hufundishwa hisabati kwa Kiingereza, na mwalimu wa Musoma anapoona nyuso hazimwelewi hufunga mlango na kuanza upya na makumi na mamoja.