Kitanzi cha Bee Gees

Leo naweka programu kando kidogo niongee muziki, ingawa mwishoni mtaona ni mambo yaleyale.

Juzi ofisini, hapa Nairobi, tulifunzwa huduma ya kwanza. Nilikuwa nikibonyeza kifua cha sanamu ya mazoezi mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Mwalimu akaniambia, "Polepole kijana. Imba Stayin' Alive moyoni." Nikacheka, kisha nikatulia. Wimbo huo una mapigo kama 103 kwa dakika, na mtu ambaye moyo wake umesimama hubonyezwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Ulirekodiwa mwaka 1977 huko Ufaransa, katika kasri la Hérouville. Bee Gees, yaani ndugu watatu Barry, Robin na Maurice Gibb, walikuwa wakiandaa nyimbo za filamu ya Saturday Night Fever. Mpiga ngoma wao, Dennis Bryon, akalazimika kuondoka kwa sababu za kifamilia. Wakajaribu mashine ya ngoma, haikuwaridhisha. Ndipo mtayarishaji Albhy Galuten na fundi wa sauti Karl Richardson wakachukua kipande kifupi cha ngoma kutoka Night Fever, ambao Bryon alikuwa ameshaupiga. Wakaunga ncha mbili za utepe, ukawa unazunguka bila kukoma.

Sisi waandishi wa programu tunakijua kitu hicho: ni kitanzi. Tena walikitumia upya katika More Than a Woman, na mwaka 1980 katika Woman in Love wa Barbra Streisand. Andika mara moja, tumia mara nyingi!

Mwaka 1979 sanduku la rekodi za disko lililipuliwa katikati ya uwanja wa besiboli mjini Chicago, na wengi wakadhani disko imezikwa. Lakini wimbo huu bado unapigwa harusini. Nadhani siri yake ni hii: kitanzi hakichoki, lakini ndani yake mna mkono wa mtu.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na kaseti yake. Siku alipoanguka sebuleni, sote tuliokuwapo tuliujua wimbo huo. Hakuna aliyejua kubonyeza kifua.

Sasa mimi najua. Nawe jifunze, ndugu msomaji. Tuonane tena wiki ijayo.