Sanduku Kubwa la Sauti: Spika za Kiingereza na Nyumba za Munigi

Spika kubwa ya Kiingereza, ile yenye kasha la mbao linalomfikia mtu mzima kiunoni, ilizaliwa wakati amplifaya zilikuwa dhaifu. Quad II, amplifaya iliyotoka mwaka 1953 na kupendwa sana majumbani, ilitoa wati 15 tu. Kwa nguvu hiyo, chumba kilijazwa sauti kwa koni pana ndani ya kasha pana, na mafundi wa Uingereza waliifuata njia hiyo kwa uvumilivu wa kupendeza.

Guy Fountain alianzisha Tannoy kusini mwa London mwaka 1926. Mwaka 1947 kampuni hiyo ilionyesha Dual Concentric ya inchi 15, ambayo sauti nyembamba hutokea katikati ya koni ileile inayotoa sauti nzito, hivyo mwimbaji husikika amesimama mahali pamoja. Huko Yorkshire, Gilbert Briggs, aliyeanza Wharfedale mwaka 1932, alihangaishwa na jambo jingine: kasha lenyewe lisiimbe. Alijaza mchanga kati ya mbao mbili, akajaribu hata makasha ya matofali kwenye pembe ya chumba. Wahandisi wa BBC walikwenda kinyume naye. Wao walitumia mbao nyembamba zilizopakwa tabaka zito la kumeza mtetemo. Mmoja wao, Dudley Harwood, alianzisha Harbeth mwaka 1977, na kasha la namna hiyo bado linatengenezwa.

Uingereza ilishaigusa Kongo kwa muziki kabla ya spika hizo. Kuanzia mwaka 1933 sahani za muziki za GV, zilizotolewa na kampuni ya Kiingereza, zilieneza nyimbo za Kuba barani Afrika, na rumba ya Kongo ikachota humo. Rumba hiyo ndiyo mtihani halisi wa spika. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na kisanduku kidogo huuacha nje, hata mchezaji akabaki na magitaa ya juu yasiyo na ardhi ya kukanyaga.

Lakini rumba husikika ndani ya chumba, na huko Munigi, kaskazini mwa mji wa Goma nchini Kongo, hali ya nyumba huamua mengi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, nyufa zikafunguka karibu na Munigi, na lava ikashuka hadi ndani ya mji. Juu ya mwamba huo mgumu kuchimba msingi ni kazi kubwa, kwa hiyo nyumba nyingi ni za mbao. Ukuta wa mbao hutikisika na kuiachia besi itoke nje. Ukuta wa mawe ya lava huirudisha chumbani. Ndani ya nyumba ya mbao, basi, kasha kubwa lina haki ya kuwepo, na likisogezwa karibu na pembe linapata msaada. Ndani ya nyumba ya mawe livutwe mbele, mbali na ukuta, la sivyo besi itavuma na kumfunika mwimbaji.

Umeme nao una neno lake. Spika ndogo ya BBC, LS3/5A, hutoa takriban desibeli 83 kwa wati moja. Tannoy ya inchi 15 hukaribia 95. Kila desibeli tatu ni nguvu maradufu, kwa hiyo pengo hilo la 12 ni mara 16: kinachohitaji wati 16 kwenye ndogo hupatikana kwa wati moja kwenye kubwa. Kwa nyumba inayotegemea betri na paneli ya jua, ukubwa wa kasha ni akiba ya umeme.

Anayenunua iliyotumika aanze na ukingo wa koni. Tannoy HPD za mwaka 1974 zilitumia sponji, ambayo huoza na kumomonyoka ikiguswa kwa kidole, ilhali Monitor Gold zilizotangulia hazikuwa na sponji na hudumu zaidi. Ukingo uliooza hubadilishwa na fundi. Koili iliyokwaruzwa na vumbi jeusi la lava ni hasara kubwa zaidi, kwa hiyo kitambaa cha mbele kisitolewe.