Bei ya kupiga mabawa: somo kutoka anga la Athi

Jua la mchana likishakolea juu ya mabati ya viwanda vya EPZ (eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje) Athi River, Kenya, si ajabu kumwona korongo marabou akizunguka na kupaa bila kupiga bawa. Ndege huyu aliyezoeleka anapinga imani ya karne nyingi, kwamba siri ya kuruka ni kupiga mabawa tu. Mwaka 1809 Mwingereza George Cayley alianza kuchapisha hoja iliyofungua njia: nguvu ya kuinua ni moja, nguvu ya kusukuma mbele ni nyingine. Bawa hufanya kazi zote mbili. Sehemu iliyo karibu na mwili husogea kidogo na kubeba uzito. Sehemu ya nje hushuka kwa kasi huku ikijipinda, ikamsukuma ndege mbele. Mjerumani Otto Lilienthal alieleza hayo mwaka 1889 baada ya kuchunguza korongo weupe, ndege ambao baadhi yao hukimbilia Afrika Mashariki Ulaya inapoingia baridi.

Kilichobaki kujulikana ni gharama. Mwanazuolojia Mwingereza Colin Pennycuick aliwarusha njiwa ndani ya handaki la upepo mjini Bristol, na mwaka 1968 akachapisha hesabu yake: kuruka polepole mno hula nguvu nyingi, kuruka kasi mno vilevile, na nafuu iko katikati. Kisha akaja kufundisha Nairobi, akafanya kazi Serengeti, na akawafuata tumbusi, korongo na mwari kwa ndege nyepesi ya kuelea yenye injini ndogo. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1972 yalionyesha jinsi wanavyopanda kwa mikondo ya hewa ya moto, kisha wakateleza hadi mkondo mwingine. Sababu ni ukubwa wa mwili. Ndege akiongezeka vipimo mara mbili bila kubadili umbo, uzito huongezeka mara nane, lakini eneo la mabawa mara nne tu. Tena mabawa makubwa hupigwa polepole, hivyo kila kilo ya msuli hutoa nguvu kidogo.

Wapo watakaouliza: mbona mbayuwayu hupiga mabawa umbali mrefu bila kuchoka? Kwa sababu ni mdogo, na misuli yake ina akiba kubwa kuliko mahitaji. Na tandawala mkubwa, ambaye dume lake huweza kupita kilo 15, mbona naye huruka kwa kupiga mabawa? Huruka, lakini kwa shida na kwa nadra. Maisha yake mengi huyapitisha akitembea nyasini. Badala ya kuikanusha kanuni, anatuonyesha mpaka wake.

Mpaka huo unatuhusu. Tangu sheria ya EPZ ya mwaka 1990, viwanda na nyaya za umeme vimeongezeka kando ya nyika za Athi-Kapiti, makazi ya tandawala. Ndege mzito hawezi kukata kona ghafla kukwepa waya, na tandawala akiinamisha kichwa kutazama chini, haoni kilicho mbele yake. Kusema ana macho, basi akwepe mwenyewe, ni kumdai nguvu ambayo misuli yake haina. Nyaya zinazopita nyikani zifungwe alama zinazoonekana kwa mbali, na kazi hiyo ipangwe kabla nguzo hazijasimikwa. Elimu iliyotafutwa katika anga la Afrika Mashariki inastahili kuwalinda ndege walioitoa.